Wingu la Jamvi

Mama na mama mkubwa walikuwa hawasemezani tangu uchaguzi. Dada wa tumbo moja, ua mmoja hapa Gando, Pemba, sakafu moja ya kuanikia karafuu, na katikati ya sakafu mstari wa chokaa: huku chama hiki, kule chama kile. Wakiwa na neno walimpa kuku. "We kuku, mwambie mwenye chungu kinachoungua akiepue!" Kuku masikini hajui hata daftari la wapigakura. Mimi, mwalimu wa sayansi mwenye ndevu zangu, nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, niwasikie wanaitana tena. Mama mkubwa ndiye aliyenilea mama alipokuwa akiumwa, na sasa nikimwamkia ilibidi niangalie kwanza nani ananiona.

Basi akaja mtaalamu wa Kizungu na kisanduku chake. Juu kilikuwa na jicho jeusi, mfano wa kikombe cha kahawa kilichofudikizwa. Alinieleza kuwa mbingu hutoa joto la infraredi lisiloonekana, na kisanduku kinalipima kila dakika. Kilikusudiwa kupelekwa ncha ya dunia, kwenye mawingu ya barafu, ila alitaka kwanza kukijaribu chini ya mawingu yetu mazito. Alihitaji mahali peupe pasipo mti. Gando nzima, pahala hapo ni sakafu yetu. Akakiweka juu ya mstari wa chokaa.

Mama mkubwa akamwambia kuku kwamba chombo kile kinahesabu kura. Mama akamwambia kuku huyo huyo kwamba mjinga hakosi la kusema.

Yeye akarudi kwao; kazi yangu ikawa kumtumia disketi ya vipimo kila wiki. Haukupita mwezi, mtaalamu akaniandikia barua, imejaa alama za mshangao. Pemba kuna wingu lisilopata kuonekana popote! Linatanda mara moja, mchana, mvua ikikaribia. Lina joto kupita mawingu yote, tena limenyooka kama meza. Mvua ikikatika, linatoweka. Nimweleze tafadhali, lina rangi gani?

Siku ya pili nilibaki nyumbani nilingojee. Mbingu zikageuka, mama akatoka mbio, akazikusanya karafuu zake, akazifunika jamvi. Halafu akachukua jamvi jingine, akakifunika kisanduku.

"Lahaula! Mama, unafanya nini?"

"Mwana wa watu kaniwekea amana, niiache inyeshewe?"

"Kimeumbwa kinyeshewe!"

"Kwa mamake huko kinyeshewe. Si kwangu."

Kumbe wingu lenyewe ni jamvi la mama! Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, lakini jibu sikuliandika. Ningeanzia wapi?

Halafu mama akaanguka. Homa kali, mchana, karafuu zote nje. Miaka ile hata mgonjwa alisindikizwa na chama chake, kwa hiyo watu wa upande wetu wote, mtaa mzima, wakajipakia kwenye pikapu mpaka matairi yakalia, tukaenda naye hospitali ya Wete. Mvua ikatukuta tukiwa katikati ya njia. Mama kajilaza, macho kafumba, anauliza karafuu tu. Msimu mzima, kazi ya mikono yake, uko sakafuni. Nilimwambia uongo kwamba wapo watakaozianua.

Tuliporudi kesho yake, karafuu za mama hazikulowa hata moja, zimerundikwa chini ya jamvi. Kisanduku nacho kimefunikwa. Ng'ambo ya mstari, za mama mkubwa zilikuwa zimelowa chapa juu ya jamvi zilikoanikwa, zimeanza kuvunda.

"Wenzetu hao," mama akasema. "Mungu awalipe."

Nikafungua kumbukumbu za kisanduku. Lile wingu lilitanda jana, tukiwa bado barabarani. Nikahesabu kichwa kwa kichwa wenzetu waliokuwamo kwenye pikapu. Hakubaki hata mmoja.

"Mama, wenzetu wote tulikuwa nao garini. Uani alibaki mtu mmoja tu."

Akazitazama karafuu zake, akazitazama zile zilizolowa. Kisha akajifunga kanga, homa bado imo mwilini, akauruka mstari. Sikuthubutu kumfuata. Mama mkubwa alikuwa amekaa kizingitini, na kuku yuko pale pale, lakini safari hii hakuna aliyemtazama.

"Dada! Zako umeziachia nini zinyeshewe?"

"Ningewahi zote? Nna mikono mingapi?"

"Ungeanza zako!"

"Mwenyewe umepakiwa kama maiti, nianze zangu? Na lile jamvi lako bovu, limenichana vidole."

"Na umechanganya kavu na mbichi, dada! Nani kakufunza kurundika hivyo?"

"Wewe umefunzwa na nani kama si mimi?"

Waligombana mpaka alasiri ikaadhiniwa. Nilisimama nyuma ya jiko nikilia kwa furaha kama mtoto mdogo, mwalimu mzima. Mwisho mama akainama kwenye zile karafuu mbovu, akakamata pembe mbili za jamvi lililolowa.

"Shika huko," akasema, na mama mkubwa akashika.