Chupa Yangu na Sponji ya Warumi

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu makumbusho, nikakuta mfano wa kijiti cha Warumi chenye sponji nchani, kimewekwa ndani ya kioo kama johari. Nikapandwa na mori.

Nilikuwa mdogo, tukikaa Woolwich, ugenini kwa Waingereza, darasa linanuka makoti yaliyorowa. Mwalimu aliikuta mkobani mwangu chupa ya maji aliyonipa mama ya kutawazia chooni. Akaitupa pipani mbele ya wenzangu. "Tabia chafu!"

Kisha, bila haya, akatusomesha ustaarabu wa Warumi: walivyokaa chooni safu moja wakipiga soga, wakajisafisha kwa sponji ya kijiti, wakaisuuza majini na kumpa mwenzao. Akawasifu! Nami, kwa kusikia habari za maji, nikadhani Warumi ni Waislamu wenzetu. Leo najua hata wataalamu wanabishana kama kijiti kile kilikuwa cha kujisafishia au cha kusugulia choo.

Nyumbani nikamhadithia mama. Akaacha kukata vitunguu.

"Sponji moja, watu wote hao?"

"Ndiyo, mama."

"Halafu mchafu ni wewe?"

Kesho yake alinitilia mkobani chupa mbili.