Kasyoki na Kitufe cha Kukubali

Saa mbili asubuhi, Kasyoki Muinde anapangusa vumbi jekundu la Voi kwenye kibodi, lakini macho yake yapo ng'ambo ya barabara. Wateja wanne wameshaingia kwa Ndila. Kwake hajaingia hata nzi.

"Watano sasa," anasema, akisonya. "Ona yule mama na kikapu chake. Amepita mlangoni kwangu kama anapita ukuta!"

Wivu wake haufichi. Kasyoki, mwenye umri wa miaka 41, ameendesha saiba hii, duka la intaneti, miaka tisa. Ndila, binti kutoka Werugha, alifungua yake mwaka jana tu, kompyuta tatu na pazia la maua. Zamani Kasyoki alihudumia watu sitini kwa siku. Siku hizi akipata kumi na watano anamshukuru Mungu.

"Nilisema msichana huyu ana dawa," anakiri. "Haki ya Mungu, nilisema."

Dawa haikuwepo. Mwezi Machi, mwanamke mmoja kutoka vijiji vya Kasigau alikaa kwenye kompyuta ya dirishani, akitafuta kliniki ya wasiojaliwa watoto. Tovuti ikauliza kama anakubali vidakuzi, yaani vile vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kompyuta ili imkumbuke mgeni na kumfuata na matangazo. Kasyoki akanyoosha mkono, akabonyeza "Kubali Zote".

"Sikusoma. Miaka tisa sijawahi kusoma. Kile kibango kinaziba ukurasa, nakiondoa, basi."

Mwanamke alipoinuka, kiti kilikaliwa na wifi yake aliyekuja naye. Kila ukurasa aliofungua ulimletea tangazo la kliniki ile ile.

"Kumbe shida yenu ni hii?" wifi akauliza kwa sauti, watu wote wakasikia.

Maji yakimwagika hayazoleki. Barabara ya Kasigau ni mbovu, lakini habari hizo zilifika kabla ya wenyewe. Tangu siku hiyo, abiria wa huko wakishuka garini wanavuka barabara.

Mwezi uliopita Kasyoki alishindwa kuvumilia. Alijitanda leso mpaka puani, akaenda kupeleleza.

"Akanijua hapo hapo. 'Karibu, jirani.' Nilitamani ardhi ipasuke!"

Ndila alimgeuzia skrini, akamsomea kibango chote. "Unakubali ama unakataa? Bonyeza mwenyewe." Walipomaliza, akafuta kumbukumbu za kompyuta mbele yake.

"Aliniuliza mimi, mtu ninayemwonea kijicho kila asubuhi! Roho iliniuma, wacha tu. Nikabonyeza 'Kataa', nikasikia utamu. Ndipo nikamkumbuka yule mama. Yeye hakuna aliyemuuliza."

Sasa skrini zote za Kasyoki zinamtazama mteja, na kila anayeinuka anafutiwa nyayo zake. Jumamosi anapanga kupanda gari la Kasigau na kilo mbili za sukari, amwombe mama huyo msamaha. Akifukuzwa, anasema, atakuwa amefukuzwa kwa haki.

"Lakini Ndila asisikie kwamba nimeiga kwake. Atavimba kichwa."

Mwandishi anapomuuliza kama hilo liandikwe, anatazama ng'ambo. Mteja wa sita anainua pazia la maua.

"Aah, andika," anasema. "Na jina langu weka."

Na jina la yule mama?

Kasyoki anatikisa kichwa.

"Hilo hapana. Huyo bado sijamuuliza."