Sababu ya Kuondoka: Ukarani Wangu wa Utumishi Riyadh na Jeddah

Siku yangu ya kwanza kazini Riyadh nilikabidhiwa kabati la chuma lenye droo nne. Ofisi ilikuwa Al-Murabba, ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya umeme. Kampuni ilisambaza vyakula kwenye hoteli na kambi za wafanyakazi. Mimi, mtu wa Tanga, niliajiriwa kuwa karani wa utumishi kwa sababu Kiarabu nilikuwa nacho: cha chuo cha Kurani nyumbani, na cha miaka minne ya masomo Khartoum.

Mkuu wa utumishi alikuwa Mmisri asiyependa maneno mengi. Alifungua droo ya juu akaniambia, "Hemedi, watu wanadhani kazi yetu ni kuajiri. Kazi yetu ni kujua nani yupo na nani ameondoka."

Sikumwelewa mpaka ilipoanza bima ya kukosa kazi. Iliwahusu Wasaudi peke yao. Sisi tuliokaa kwa ikama, kibali cha mgeni, hatukuwamo. Kila mwezi mwajiri na mfanyakazi walichangia sehemu ndogo ya mshahara, na mtu akiachishwa bila kupenda kwake, alilipwa kwa miezi kadhaa huku akitafuta kazi nyingine. Aliyeacha mwenyewe hakupata kitu. Kumbe kwenye orodha yetu yalikuwamo majina ya watu walioondoka zamani, na kampuni ilikuwa ikiwachangia bado! Tulikaa wiki nzima mimi na mkuu tukilinganisha mafaili na orodha, jina kwa jina. Hiyo ndiyo njia nyepesi kabisa ya kupunguza gharama, na ndiyo inayosahauliwa: mtu akitoka, toa taarifa mapema.

Mkuu yule alipomaliza mkataba, nafasi yake ilishikwa na mudiri mpya, meneja aliyetoka idara ya mauzo. Mwaka ule hoteli mbili zilivunja mkataba nasi, naye akaamriwa apunguze watu. Akaniita.

"Yule Saad wa stoo, mwandikie barua ya kujiuzulu. Aje asaini, halas, yamekwisha."

Saad alikuwa Msaudi wa mtaa wa Al-Shumaisi, baba wa watoto watatu, mtunza stoo wetu kwa miaka minne. Lawama zake zilijulikana: mizigo kutoka nje aliipokea ikiwa pungufu, akasaini kwamba imetimia.

"Bosi, hajaomba kuacha," nilisema.

"Tukimwachisha sisi, atadai fidia. Akijiuzulu, mafi mushkila, hakuna tatizo."

"Na ile bima hataipata."

Alinitazama. "Hemedi, ikama yako inaisha lini?"

"Baada ya Ramadhani."

"Basi kaandike barua."

Nikaenda nikaiandika. Sitawaficha. Niliiandika yote, kwa Kiarabu kizuri, nikaacha nafasi ya saini. Kisha nikafungua faili la Saad kutafuta namba ya kitambulisho chake, nikaona kwamba halina onyo hata moja. Makosa ya miaka minne yalikuwa ya midomoni tu.

Nikashuka stoo. Lori la maziwa ya unga lilikuwa limefika, na Saad ameshika karatasi ya mzigo iliyoandikwa kwa Kiingereza. Nikamwuliza ni katoni ngapi.

"Soma wewe, ammi," akasema, akinisukumia karatasi. "Macho yananiuma."

Macho yake yalikuwa mazima. Hakuzijua herufi zile, na kwa miaka minne hakuna aliyemwuliza.

Nilirudi kwa mudiri nimebeba faili tu, barua nimeiacha mezani. Nyumbani nilikuwa na mabinti wawili shuleni.

"Bosi, akienda kulalamika ofisi ya kazi, hatuna karatasi ya kujitetea. Na tawi la Jeddah linatafuta mtunza stoo. Tukimfukuza huyu hapa na kuajiri mwingine kule, tutaingia gharama mara mbili. Tumhamishe. Shida yake ni Kiingereza cha makaratasi, na hicho kinafundishika."

"Nani atamfundisha?"

"Mimi."

Alizungusha tasbihi yake kidoleni. "Basi nenda naye. Miezi mitatu. Akishindwa, mtatoka wote wawili."

Nilimweleza Saad kila kitu, hata habari ya barua. Hakufurahi kuiacha Riyadh, lakini alikubali. Jeddah ilitupokea kwa joto la unyevu linalolegeza karatasi mkononi. Kila asubuhi, kabla malori hayajafika, tulikaa juu ya magunia ya mchele tukisoma: katoni, uzito, tarehe ya kuisha. Wiki za mwanzo alinikasirikia. "Unanifundisha kama mtoto," alisema, na siku mbili hatukusalimiana. Mwezi wa pili alilirudisha lori zima la kuku wa barafu, kwa kuwa tarehe za kwenye maboksi hazikulingana na karatasi. Dereva alipiga kelele mpaka meneja wa tawi akashuka. Meneja akasoma boksi, akasoma karatasi, akampa Saad mkono.

Saad alibaki kazini. Ikama yangu ikafanywa upya, nami nikabaki Jeddah mpaka nilipostaafu. Meneja wa tawi aliniachia nipange utaratibu. Kosa liliandikwa siku ile ile, na mwenyewe akalisoma na kulijibu. Kabla ya kumwachisha mtu tuliuliza kwanza kama kuna nafasi kwingine. Na sababu ya kuondoka iliandikwa ile iliyotokea, hata kama ilituumiza. Walioachishwa wakawa wachache, na kesi zikapungua.

Sasa niko Tanga. Vijana wenye biashara zao huja kuniuliza namna ya kupunguza gharama za bima na fidia, nami huwasimulia habari ya Saad. Huondoka wakiniona mtu mwema. Lakini barua ile haikuwa ya kwanza. Kabla yake niliandika nyingine, na hizo hazikuishia mezani. Namkumbuka mlinzi wa lango, Msaudi mtu mzima mwenye ndevu za hina. Hakuisoma, kwa kuwa aliniamini. Nilimwonyesha kwa kidole mahali pa kuweka saini. Akasaini, akanishukuru, akawaombea dua wanangu.