Wilaya Tuliyobaki Kuikumbuka Wawili

Kama ulikuwa Sydney magharibi mwaka ule wa kufungiwa ndani, helikopta ya polisi unaikumbuka. Mimi nilikuwa mtaa wa Seven Hills, mama amelazwa hospitali ya Blacktown kwa korona, na kumwona ni marufuku. Muuguzi mmoja Mkenya akanihurumia. "Pole dada, visitors hawaruhusiwi kabisa, lakini nitashika hii tablet uongee na mum."

Mama hata hakunisalimu. "Ule mkate mweusi wa Ujerumani, tulikuwa tunaupaka nini?"

"Mafuta ya nguruwe, mama." Akacheka, akakohoa.

Marehemu baba alikuwa mchungaji wa Kilutheri, na usharika wetu wa nyumbani, kabla hatujahamia Sydney, ulikuwa na udugu na makanisa ya wilaya moja ya mashambani kule Ujerumani. Nilipokuwa mtoto tukapelekwa kukaa mwaka mzima. Sasa waliobaki kuikumbuka wilaya ile ni mama na mimi tu, na hilo lilinitia hofu.

Wilaya ilikuwa na mto mwembamba, vilima vya misonobari, na harufu ya samadi iliyotufuata hadi kanisani. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alinifundisha ngao, yaani nembo ya wilaya, kabla ya kunifundisha kuhesabu: simba mwekundu wa watawala wa kale, mawimbi ya mto, masuke ya wakulima. Zamani zilikuwa wilaya mbili, serikali ikaziunganisha, na wazee walikuwa bado wamenuna. Likipita gari lenye herufi za ile wilaya nyingine ya zamani kwenye namba ya usajili, jirani anaguna.

Basi kina mama wa usharika nyumbani wakatutumia vitenge vyenye ngao ile. Mchapaji, Mungu amsamehe, alimgeuza simba akatazama upande mwingine. Mama akavaa chake kanisani kwa madaha. Jirani akaninong'oneza kuwa simba wa ngao akitazama upande ule, huyo anakimbia vita. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamtafsiria mama.

"Mwambie simba wa kweli tunao sisi. Hugeuka anapotaka."

Jirani alicheka mpaka machozi, kisha akaomba kipande ashonewe shati.

Mambo kama hayo ndiyo niliyomshikilia nayo mama kupitia ile tablet. Nikikosea ananikemea: "We mtoto, kanisa lilikuwa ng'ambo ya mto!" Niliona kuwa akibisha, macho yanachangamka. Nikaanza kukosea makusudi. Nilisema jirani alifuga mbuzi, nilisema theluji haikuanguka, nikachapwa kwa maneno kila siku na kulala nimeridhika.

Halafu siku moja nikasema shule yetu ilikuwa na mnara mrefu wa kengele. Haikuwa na mnara, ilikuwa jengo la chini kama ghala. Nikasubiri kukemewa.

"Ndiyo, mwanangu," akasema taratibu. "Mrefu."

Tulimzika wachache, tumevaa barakoa, bila kukumbatiana. Siku hizi nikiikumbuka shule ile, mnara ninauona kabisa, na hakuna wa kunibishia.