Imakulata Isidori, Raia wa Aina Gani

Imakulata Isidori alikuwa karani wa stoo ya vipuri kwenye shamba moja la ngano la serikali kule Hanang, na kwa miaka minane mafundi walikuwa wamemzoea hivi: ukimletea beringi iliyokufa, huna haja ya kutaja namba. Ataigeuza mkononi mara moja, atakwenda kwenye rafu, atarudi na mpya. Mwaka 1983 shamba lilipotakiwa kutoa watu watatu waende Kanada miezi sita kujifunza kazi za stoo na karakana, meneja alianza kwa kuandika jina lake, na hakuna aliyenung'unika.

Fomu ya pasipoti aliijaza kwenye meza yake ya kazi, akiegemea madaftari ya vipuri. Amezaliwa mwaka 1954. Mahali, Gitting. Jina la mama, Philomena binti Qamara. Jina la baba, Isidori. Mahali alipozaliwa baba, akaandika Urundi, kwa kuwa ndivyo baba mwenyewe alivyokuwa akitamka mpaka alipofariki. Mwishoni palikuwa na swali la uraia, nalo lilitaka achague: wa kuzaliwa, wa kuandikishwa au wa tajnisi. Akaweka alama kwenye kuzaliwa. Alizaliwa Gitting, aandike nini kingine?

Alikwenda Arusha na lori la ngano la shamba, siku nzima ya vumbi. Kwenye ofisi ya uhamiaji alipokelewa na kijana mwenye shati jeupe, mstaarabu kabisa, aliyemkaribisha kiti na kumwita Ndugu Imakulata. Kijana alisoma fomu taratibu, akafika kwenye mstari mmoja, akaweka kalamu yake hapo.

"Baba yako ni Mrundi," alisema.

"Alikuwa. Alifariki mwaka sitini na tisa."

"Aliwahi kuomba uraia?"

Imakulata hakujua. Baba yake alitoka kwao kwa miguu akiwa kijana, akakata mkonge miaka miwili, halafu akapata kazi kwa setla mmoja wa Gitting aliyekuwa akilima ngano na pareto. Hapo ndipo alipomwoa mama, mtoto wa Kiiraqw kutoka Endagikot. Hakuwahi kumsikia akisema habari ya kuomba kitu chochote serikalini.

Kijana alimweleza kwa upole kwamba mtoto hufuata baba, na kama baba hakuomba, basi huenda hata yeye si raia. Hakusema kwa hakika. Alisema huenda. Akampa fomu nyingine, ya tajnisi, ile ya mgeni anayeomba kuwa raia, akamwambia aijaze, atafute wadhamini, asubiri.

"Nisubiri muda gani?"

"Inategemea."

"Na mpaka hapo mimi ni nani?"

Kijana akatabasamu kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo la idara yake, akamwambia aulize pia wilayani.

Kurudi Hanang alikaa mbele karibu na dereva, fomu mbili mapajani. Alikuwa na kadi ya chama. Alipiga kura mwaka sabini na tano na mwaka themanini. Shuleni aliimba wimbo wa taifa kila asubuhi kwa miaka saba, mstari wa mbele kwa sababu alikuwa mfupi. Sasa alijiuliza kama vyote hivyo vilikuwa makosa, na kama ni makosa, ni ya nani. Yake, au ya wale waliompa?

Mumewe Gervasi, dereva wa trekta palepale shambani, alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kesho yake alikwenda kwa afisa utumishi na kurudi na habari iliyomfurahisha: mwanamke aliyeolewa na raia anaweza kuandikishwa kwa sababu ya mume wake. Ni njia fupi kuliko tajnisi. Alikuwa amepata hata fomu yenyewe.

"Weka sahihi hapa tu, Mama Fabiola," alisema. "Cheti cha ndoa tunacho. Mwezi mmoja umemaliza."

Imakulata aliisoma. Juu kabisa iliandikwa kwamba mwombaji ni mgeni, ameolewa na raia, naye anaomba. Alisoma neno lile la mgeni mara mbili.

"Nikiweka sahihi nimekubali kwamba siku zote nilikuwa mgeni."

"Ni karatasi."

"Na Fabiola na wadogo zake walizaliwa na mgeni?"

"Mimi baba yao ni wa hapa."

"Kwa hiyo nitakuwa raia kwa ajili yako," alisema Imakulata. "Siku ukiniacha je?"

Gervasi hakuwa na wazo la kumwacha mtu, na maneno yale yalimuuma. Alitoka akaenda kuangalia trekta ambalo halikuwa na ubovu wowote. Kwa juma zima waliongea habari za chakula na za watoto tu.

Shamba zima sasa lilijua. Kila mtu alikuwa na lake. Mpishi wa kantini alisema aliyezaliwa hapa ni wa hapa, imekwisha. Mhasibu alisema hapana, sheria inatazama damu. Balozi wa nyumba kumi, mzee Nikolausi, alimshauri arudi Arusha aombe fomu mpya, na safari hii mahali alipozaliwa baba aandike Gitting. Nani atakwenda kumfufua Isidori amuulize? Mzee Gidamis wa Getanuwas, mfugaji aliyekuwa akileta maziwa kwa familia za wafanyakazi, alisikiliza yote, akasema yeye hajui mambo ya fomu, lakini mahali ngano inaposimama leo ndipo baba yake alipozikwa, na bado walinzi humwuliza anatafuta nini akipita na ng'ombe.  Imakulata alipima maziwa ya vibuyu vyake, akabaki akiwaza kama mzee alimfariji au alimwongezea mzigo.

Alichoogopa zaidi hakumwambia mtu. Aliogopa kazi. Kama ni mgeni, alikuwa akifanya nini miaka minane kwenye stoo ya serikali? Alianza kukosea. Siku moja alimpa fundi mkanda usio wake, kombaini ikasimama nusu siku, na fundi hakumlaumu, jambo lililomuuma kuliko kulaumiwa.

Mwezi wa nane aliomba ruhusa ya siku nne akaenda Endagikot kwa mama yake.

Philomena alikuwa akipura maharage uani. Imakulata alimpa shikamoo, akaitikiwa, akaketi chini akasaidia kupura kabla ya kusema lililomleta. Kisha akaeleza yote kwa Kiiraqw, ingawa maneno ya uraia yalibaki Kiswahili kwa kuwa hakujua kuyasema vinginevyo.

Mama yake hakuelewa tatizo liko wapi. Aliuliza kama ni wale Wazungu wa Kanada hawamtaki. Hapana, ni serikali yetu. Akauliza kama serikali inataka afukuzwe. Hapana, inataka kujua baba alizaliwa wapi. "Si umewaambia?" Nimewaambia. "Basi wanataka nini tena?"

 Imakulata aliuliza kama baba aliwahi kuandikishwa popote. Mama akaacha fimbo ya kupuria, akafikiri. Alikumbuka kwamba ulipokaribia uhuru, yule setla aliyekuwa akijiandaa kuondoka aliwaita wafanyakazi waliotoka mbali, akawaambia wanaotaka kurudi kwao atawapa lori mpaka Kigoma. Wawili walipanda. Isidori alikataa. Alikuwa amemzika mtoto mmoja Gitting mwaka uliotangulia, kaka yake Imakulata aliyekufa kwa surua, akasema hawezi kumwacha peke yake kule mlimani.

"Hakuandika kitu," alisema mama. "Alikaa tu."

Kisha akasema jambo jingine, kwa sauti ileile, huku akiokota maharage yaliyoruka. "Mbona hawaulizi mimi nilizaliwa wapi? Mimi ndiye niliyekuzaa."

Imakulata alimtazama. Kwa wiki sita watu wote waliotoa mashauri, na yeye mwenyewe akiwa mmoja wao, walikuwa wakimtafuta marehemu. Hakujua kama swali la mama lilikuwa na maana yoyote kisheria. Lakini ndilo lililokuwa jepesi kujibu. Mama alizaliwa palepale, hatua mia mbili kutoka walipokaa, kwenye boma la mzee Qamara. Kesho yake walikwenda misheni alikobatizwa mama, na padri akafungua kitabu kikubwa, akafuata mistari kwa kidole mpaka mwaka 1931, akawanakilia: Philomena, mtoto wa Qamara, wa Endagikot. Mzee mmoja wa ukoo akala kiapo mbele ya hakimu wa mahakama ya mwanzo kwamba anayajua hayo.

Safari ya pili Arusha hakumkuta yule kijana. Alikuta mama mtu mzima, Ndugu Justina, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Imakulata alitoa karatasi zote: fomu ya kwanza, ya tajnisi tupu, ya mke wa raia tupu, ubatizo wake, ubatizo wa mama, kiapo. Alisema hajui ipi inahitajika.

Ndugu Justina aliziweka pembeni zile mbili tupu bila kuzisoma.

"Umezaliwa Gitting, kabla ya uhuru?"

"Ndiyo."

"Na mama yako amezaliwa Tanganyika."

"Ndiyo. Lakini baba..."

"Baba mwache apumzike. Sheria ya mwaka sitini na moja ilitaka mzazi mmoja tu awe amezaliwa hapa. Haikusema yupi. Tarehe tisa Desemba ulipolala na kuamka, ulikuwa umeshakuwa raia. Ulikuwa na miaka saba."

 Imakulata alingoja furaha ije, ikachelewa. Aliuliza kwa nini basi aliambiwa vile mara ya kwanza. Ndugu Justina alivua miwani, akasema kijana ni mgeni kazini, na mambo haya huwachanganya hata wenye kazi. Akagonga muhuri.

"Na baba yangu alikufa akiwa raia wa wapi?"

"Hilo hukuliomba," alisema Ndugu Justina, wala hakusema kwa ukali.

Pasipoti ilitoka mwezi wa kumi na moja. Wenzake wawili walikuwa wamekwishaondoka tangu Septemba, na nafasi ya tatu ilipewa shamba jingine. Meneja alimwahidi kundi lijalo, na kwa kweli alitimiza. Mwaka 1985 Imakulata alikaa Kanada miezi mitatu, maana mafunzo yalikuwa yamefupishwa, akarudi na koti zito ambalo Gervasi alilivaa kuliko yeye. Siku Imakulata alipoleta pasipoti kutoka Arusha, Gervasi aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama picha, akasema amependeza. Ile fomu ya mke wa raia aliirudisha mwenyewe kwa afisa utumishi. Hawakuizungumzia tena.

Lakini kabla ya safari hiyo, Krismasi ya mwaka uleule wa 1983, kaka yake mkubwa Patriki alikuja Endagikot kutoka Moshi, alikokuwa dereva wa malori. Imakulata alimsimulia habari nzima akidhani atacheka. Patriki hakucheka. Alisema miaka tisa iliyopita, alipotaka pasi ya kuvuka Namanga, naye aliulizwa baba alizaliwa wapi. Akapewa fomu ya tajnisi. Akaijaza, akaapa mkono juu kwamba anaacha utii kwa nchi ya Burundi, nchi ambayo hajawahi kuiona, akapewa cheti. Anacho nyumbani, kwenye fremu.

Mama yao, aliyekuwa akiwapakulia, aliuliza wanasema nini. Imakulata akajaribu kumweleza kwamba mmoja wa watoto wake ni raia wa kuzaliwa na mwingine ni wa kuomba. Mama akauliza yupi kati yao alizaliwa vingine. 

"Sasa nikikirudisha hicho cheti," alisema Patriki, "nitakuwa raia zaidi, au nitakuwa sina kitu?"

Imakulata alisema atakwenda kumwuliza Ndugu Justina. Aliandika swali hilo kwenye karatasi asilisahau, akalisoma, akalifuta, akaliandika upya kwa maneno mengine, na bado hakuwa na hakika kwamba ndilo swali lenyewe.