Kuonja Si Kula

Mama Albertine hali. Muulize yeyote anayesimama kwenye malewa yake, kibanda chake cha chakula, pale njia inapoelekea machimbo ya chokaa ya Kakontwe, atakuapia: yule mama amewapikia wavunja mawe miaka ishirini na sita, na hakuna aliyewahi kumwona ameketi mbele ya sahani. Mwenyewe husema ameshiba harufu. Jioni akirudi nyumbani anakula bukari, ugali wa kwao, na mboga ya lengalenga, analala. Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, sukari imemwingiaje mwilini?

Swali hilo ndilo alilolibeba siku alipotumwa kwa mtaalamu wa lishe. Kidonda kwenye kidole cha mguu kilikuwa kimekataa kupona wiki tano. Akapimwa damu hospitalini, sukari ikakutwa juu, akapewa vidonge na kuambiwa apite pia chumba cha mwisho, kwa munganga wa chakula. Aliona upuuzi mtupu. Yeye, Albertine, akafundishwe chakula! Angerudi zake nyumbani, lakini dada yake Marcelline alikuwa amemsindikiza mpaka mlangoni kwa magongo mawili. Marcelline naye alianza na kidonda cha hivyo hivyo, akakificha. Leo mguu wake wa kushoto unaishia juu ya goti.

"Weye ungali na miguu mbili, mudogo wangu," alisema. "Ingia."

Mtaalamu aliitwa Arlette, mwanamke kijana ambaye Albertine angeweza kumzaa. Alimpima uzito, akamzungushia utepe kiunoni, akamkagua miguu yote miwili hata katikati ya vidole. Kisha akaketi na kuanza kuuliza. Anaamka saa ngapi? Chai anatia sukari vijiko vingapi? Jumapili baada ya misa, mezani kunakuwa na nini? Albertine alikuwa amekuja na maneno yake makali tayari, maana alijua atanyang'anywa bukari. Bukari haikunyang'anywa, na maneno yakakosa kazi.

"Na mchana, mama?"

"Mchana sikulake. Niko napikia bantu."

"Hata kidogo?"

"Nikuambie mara ngapi? Niko naonja tu. Kuonja si kula!"

Arlette hakucheka wala kubisha. Akauliza anaonja nini, na anaonjaje.

"Sombe, maharagwe, samaki, kila sufuria. Bantu ya machimbo ni bakali. Chumvi ikipungua watakuimba Likasi nzima. Na naonja na bukari, basi! Mchuzi utaujuaje bila bukari?"

Na hapo alisema kweli. Kwenye malewa mchuzi haupimwi kwa kijiko, unapimwa kwa tonge, kwa kuwa ndivyo mteja atakavyoula. Arlette akampa ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko. Kesho aonje kama kawaida, alimwambia, ila kila akionja, kiasi kile kile akitie ndooni. Kisha aje nayo.

Basi kesho yake sombe, majani yake ya muhogo, ilipochemka, Albertine akakata tonge, akachovya, akaonja, akakata jingine mfano wake akalitia ndooni. Blandine, mke wa mwanawe, anayesonga bukari na kuosha vyombo, alimtazama kwa mshangao. Mwiko wa mboga Blandine hakuwahi kuachiwa hata siku moja. Mkono wake hauna chumvi, ndivyo mama mkwe anavyomtangaza kwa wateja, naye akisikia.

Yakaja maharagwe, tonge. Chumvi ikaongezwa, tonge. Sufuria ya pili ya sombe, matonge mawili, maana la kwanza halikumpa jibu. Munkoyo nayo, kinywaji cha mahindi, ilibidi aijue kama sukari imekolea, kikombe, na baadaye kikombe tena; hivyo akavihesabu kichwani tu. Casimir, mvunja mawe wa siku nyingi, akalalamika kwamba pilipili imezidi, na Albertine akachota kwenye sahani ya Casimir kuhakikisha. Saa nane mchana kifuniko cha ndoo kikakataa kufunga.

Haba na haba hujaza kibaba, na huyu alikuwa akijaza vibaba na kuapa kwamba hajala! Aliitazama ile ndoo, aibu ikampanda mpaka masikioni. Akaibeba nyuma ya jiko, penye mbwa. Angemwaga nusu tu. Nani angejua? Mkono ulikuwa umeshainama, na mbwa wameshasogea, alipokanyaga jiwe na kidole kikamchoma mpaka rohoni. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Akaukumbuka mguu wa Marcelline, akaogopa kama hajawahi kuogopa maishani mwake, kisha akaifunika ndoo kwa sahani, akaifunga kwa kitambaa, akaipeleka kwa Arlette.

Arlette alipanga matonge yote juu ya sinia, akayahesabu kwa sauti. Arobaini na matatu. Albertine alingoja kusemwa.

"Basi sema," akashindwa kuvumilia. "Unanitoa kwa sufuria. Minye nikitoka pale, nitakuwa nani?"

"Sikutoi, mama. Kupika upike. Vidonge umeze, kidonda kisafishwe, urudi kwangu baada ya wiki mbili. Sukari ikishuka, kidonda nacho kitapata nafasi ya kufunga. Ila kuonja umwachie mwingine. Na saa sita uketi, ule sahani yako moja: nusu mboga, samaki kipande, bukari kiasi cha ngumi yako. Nani huwa anakupakulia?"

Albertine aliitazama mikono yake. Sahani ngapi zimepita mikononi mwake! Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo, na yeye hakuwahi kujiuliza. Ilimuuma kuliko kidonda.

Asubuhi iliyofuata alimnyooshea Blandine mwiko.

"Onja."

"Minye, mama?"

"Kuko nani mwingine hapa?"

Blandine alikata tonge, akachovya, akatafuna amefumba macho. Akaongeza chumvi, akaonja tena. Albertine aliufumbata mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto ili usiende wenyewe.

Saa sita sahani ikaja. Albertine alikuwa bado wima. "Bantu banangoja!" alifoka.

"Bangoje," alisema Blandine, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti. "Ikala, mama."

Wavunja mawe wakageuka wote. Casimir akasogea kwenye benchi, nafasi ikapatikana, Albertine akaketi katikati yao. Akakata tonge, akachovya sombe, akala. Blandine alisimama mbele yake, ameshika aproni kwa mikono miwili.

"Imekolea?"

Albertine alitafuta kosa. Alilitafuta kwa bidii yote ya miaka ishirini na sita, kwenye chumvi, kwenye mafuta, kwenye moto, na hakulipata, na machozi yakaanza kumtoka mbele ya wanaume wote wale.

"Imekolea," alisema. "Imekolea, mutoto wangu. Sasa pakulia bantu."