Siku Niliyoitwa Nikakataa Kuitika

Nikiwaeleza yaliyonipata pale zahanati yetu upande wa Kosele mtanicheka, na mcheke tu, maana wengi waliokuwepo walishacheka, ila wapo ambao hawakucheka na hao ndio wananikosesha raha mpaka leo. Mimi ni mwalimu wa kwaya katika kanisa ambalo hata chai ya majani ni kesi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikienda sokoni kuuza mahindi nikiwa na flaski yangu ya uji. (Haikuwa na uji.)

Kwamba nina presha kila mtu anajua, presha haina aibu, hata pasta anayo. Zamani ukienda pale walikuwa wanakufunga ile mashine mkononi, wanakupa dawa, unaenda zako. Mambo ya pombe na mambo ya kichwa yalikuwa mbali, Homa Bay mjini, kwenye jengo lake, na ukionekana ukiingia huko habari zinafika kwenu kabla wewe hujashuka stendi. Sasa wakaleta utaratibu mpya, chumba ni kimoja na sista ni yule yule, akimaliza kupima presha anakuuliza kama unalala vizuri, kama unasikia sauti, kama unakunywa, yote kwa ile sauti ya kukuuliza umekula nini asubuhi.

Siku aliponiuliza mimi mlango ulikuwa wazi, na nje kwenye benchi alikuwa amekaa Mama Achieng', kiongozi wa akina mama kanisani, ambaye masikio yake yanasikia mvua ikiwa bado iko Migori. Nikasema, "Sista, mimi hata kuonja sijawahi."

Akanitazama kidogo. "Sawa, Mwalimu. Lakini hii presha imekataa kushuka. Ukirudi Jumanne tutapima na damu, tuone ini linasemaje."

Hapo ndipo nilipojikaanga. Ningeweza kurudi jioni nikamwambia ukweli, angalau kwa kunong'ona, lakini badala yake nikaona nitafanya ule uongo uwe kweli, basi Jumapili nikamwaga kila kitu nyuma ya choo, nikaosha flaski, nikaijaza uji wa wimbi, uji kweli kweli. Mke wangu alipouonja aliniuliza kama ninaumwa. Jumatatu mikono ikaanza kutetemeka na jasho likanitoka kama mtu anayelima, nikasema ni malaria.

Jumanne asubuhi nikaenda, flaski yangu mkononi. Nilipokaa tu kwenye benchi nikaona siafu wanapita sakafuni, wengi, wanakuja kwenye viatu vyangu, nikainua miguu. Nikatazama wenzangu. Hakuna aliyeinua miguu.

Nilipoinua macho, kule mwisho wa benchi alikuwa amekaa Ouma.

Ouma ni ndugu yangu mkubwa na tulimzika miaka mingi iliyopita, nyuma ya boma letu, siku ambayo mvua ilinyesha mpaka kaburi likajaa maji. Alikuwa na lile koti la kahawia tulilomzika nalo na suruali yake ilikuwa inadondosha maji. Hakunitazama. Alikuwa anatazama mlango wa sista, ametulia, kama mgonjwa anayengoja zamu yake. Kisha mama mmoja mzee aliyekaa karibu naye akasogea kidogo, vile unavyompisha mtu akae vizuri, na mimi mgongo wote ukawa baridi.

"Okoth."

Hilo ni jina langu. Sasa nyanya yetu alitulea na sharti moja: ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, kaa kimya, kwa sababu ukiitika umekubali kwenda naye. Nikafunga mdomo.

"Okoth." Nikauma midomo.

Jirani yangu akanigusa. "Mwalimu, unaitwa."

Hiyo ndiyo iliyonimaliza, maana kumbe na wao wanamsikia. (Ni sista alikuwa ananiita, kwa jina la kwenye kadi, kutoka nyuma ya pazia la mlango wake, lakini nani angeniambia?) Nikawanong'oneza, "Nyamazeni. Msimwitikie."

"Tusimwitikie nani?" akauliza Mama Achieng', ambaye bila shaka alikuwepo.

Nikaonyesha kwa kidole. "Ouma."

Benchi zima likageuka kutazama. Yule mama mzee akasimama na kikapu chake, akahamia upande ule mwingine bila kusema neno. Hapo pazia likafunguka na kichwa cha sista kikatokea, nami nikaruka juu, na kwa sauti ile ninayofundishia besi nikasema, "Ouma, rudi ulale, mimi siji, mimi nina presha!"

Hapo ndipo walipocheka. Halafu nikaanguka, flaski ikapasuka na uji ukamwagikia Mama Achieng'. Aliinama akachovya kidole, akanusa. "Ni uji," alisema, kwa mshangao, na nikajua kwamba kanisa zima lilikuwa linajua siku zote.

Sista alipiga magoti akanishika mkono. Hakuniuliza kama ninakunywa. Aliuliza, "Mwalimu, umeacha lini?"

"Jumapili," nikasema, mbele ya wote.

Wakanilaza kwenye kitanda kile kile cha presha, wakanichoma sindano, na tukingoja ambulensi akanieleza kwamba mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kukuonyesha watu, ukuangushe kifafa, hata ukuue, na kwamba nikitoka hospitalini nitarudi pale pale kwake, presha na pombe pamoja. Kisha akauliza Ouma ni nani.

Nikamwambia. Ouma alisimama kanisani akaapa ameacha pombe, watu wakapiga makofi, na siku chache baadaye akaanza kuongea na marehemu baba yetu. Tukasema ni jachien, roho ya mfu imemwingia. Hospitali hatukumpeleka kwa kuwa mwili haukuwa na ugonjwa, tulimfungia ndani tukamwimbia, na kwaya niliongoza mimi, mpaka akatetemeka akanyamaza moja kwa moja.

Sista alinyoosha shuka langu. Nikamwuliza, "Tungemleta hapa, angepona?"

"Wakati huo," alisema, "hapa tulikuwa tunapima presha tu."

Nililia, siwafichi.

Sasa ni mgonjwa wa kila Jumanne, kwaya bado ninayo (Mama Achieng' ndiye aliyenitetea, sitawahi kuelewa), na nimeapa sitaacha tena kitu chochote kimya kimya wala kumdanganya sista. Juzi nilikutana na yule mama mzee kwenye benchi, nikamwuliza mbona siku ile alisogea.

"Nguo yangu ilikuwa inalowa," akasema. "Nikadhani ni uji wako."

Wakati anasogea, uji ulikuwa bado haujamwagika. Siku hizi nikiitwa naitika mara moja, lakini kabla sijaingia natazama kwanza kule mwisho wa benchi, kwa sababu kama Ouma bado amekaa pale anangoja, nataka aingie kabla yangu.